Moshi wa jikoni hauchujwi, unatolewa

Mashine za kuchuja hewa zinatangazwa sana siku hizi kwenye simu, na wapo wanaouliza kama inafaa kumnunulia mama anayepikia kuni kijijini. Jibu langu ni hapana.

Chujio bora, la aina ya HEPA, hunasa asilimia 99.97 ya chembe ndogo mno. Kwa Mmarekani anayepasha nyumba joto kwa tanuri, lina maana. Lakini mafiga matatu ya pale Ngenge, wilayani Muleba, hutoa moshi mzito kila siku. Chujio litaziba upesi, na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi itapita kana kwamba hakuna kitu. Hewa hiyo ndiyo ya jiko la mkaa pia, lile tunalosema "halina moshi" kisha tukaliingiza chumbani usiku wa baridi. Usilale nalo, hata dakika chache.

Fedha hiyo jengea bomba la moshi linalopita juu ya paa; likiishia chini ya paa, moshi unarudi ndani. Weka dirisha mkabala na mlango. Kagera mvua hainyeshi kidogo, hivyo kuni zikaushwe na kupangwa mahali pasipovuja. Maharage yaloweke usiku kucha, utapunguza muda wa kukaa motoni.

Mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kupika. Wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, mpeleke zahanati siku hiyohiyo.

Usidanganywe pia na kila jiko linaloitwa banifu. Malawi walijaribu majiko ya kuni yaliyoboreshwa kwa watoto zaidi ya 10,000, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha nimonia haikupungua. Kuni zikiungua vizuri zaidi bado ni kuni.

Gesi ni safi zaidi, na Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Naunga mkono. Ila mtungi usio na pa kujazia ni pambo la sebuleni. Kabla ya hafla nyingine ya kugawa mitungi, halmashauri ituambie: mtu wa Ngenge gesi ikiisha, ataijaza wapi, na kwa nauli ya nani?