Tuwafanyie Insafu Watungaji wa Nyimbo za Wasio na Maskani

Kila utokeapo wimbo unaowataja watu wasio na maskani, wakazi wa Kampala aghalabu huupokea kwa mojawapo ya njia mbili: ama wataona huruma, wakatoa sadaka kidogo na kuendelea na safari zao, ama watauliza upesi unamshambulia nani serikalini na utamfaa nani wakati wa uchaguzi. Sina nia ya kuwalaumu hao wala hawa, kwa kuwa sadaka ni ibada na siasa ni haki ya raia. Lakini kati ya huruma ile na mabishano haya mtungaji mwenyewe husahauliwa, na ile kazi yake ya kuchagua neno hili na kuliacha lile, ya kumpa kauli mtu huyu na kumnyamazisha yule, haipati hata nusu ya mizani tunayoitumia kumpimia mchezaji wa mpira. Naandika leo kuwaombea watungaji hao insafu.

Wimbo "Tugambire ku Jennifer", alioutoa Bobi Wine mwaka 2012, unatosha kuwa shahidi wangu wa kwanza. Mwaka uliotangulia Halmashauri ya zamani ya Jiji ilikuwa imekwisha ondolewa, na mahali pake ikawekwa Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, KCCA, chini ya mkurugenzi mtendaji wake wa kwanza, Bibi Jennifer Musisi, aliyekuja na azma thabiti ya kulisafisha jiji. Vibanda vikavunjwa, wachuuzi wakaondolewa kandokando ya barabara, na mwaka huo huo wa 2011, katika mpango mwingine wa serikali, zile nyumba za Nakawa na Naguru zilizojengwa zama za Mwingereza zikabomolewa na wapangaji wake wakatawanyika. Wengi waliusifu usafi ule, na sifa nyingine zilikuwa za haki, lakini miongoni mwa waliofagiliwa walikuwamo watu. Mtungaji, aliyekulia Kamwokya na kusoma muziki, ngoma na maigizo katika Chuo Kikuu cha Makerere, hakumwendea mkurugenzi kwa matusi wala hakujifanya wakili. Aliwageukia wasikilizaji, akawatuma. Wimbo wote umejengwa juu ya ombi la kufikisha ujumbe, na kwa hila hiyo moja ya kisanaa kila anayeusikia, awe mwendesha boda boda wa Wandegeya au karani aliyeketi ofisini, amekwisha twikwa risala asiyoiomba. Tena mkuu yule anatajwa kwa jina lake la kwanza, bila ya cheo, kama jirani anavyotajwa na jirani, hata mamlaka yote yale yenye magari na askari yakateremshwa mpaka kimo cha binadamu anayeweza kuambiwa neno akalisikia.

Wasomaji wa Kiswahili hawatashindwa kuitambua fani hiyo, kwa sababu ni ya kale kwetu. Katika utenzi unaosimulia habari zake, shujaa Fumo Liyongo akiwa gerezani Pate anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake kwa maneno ya wimbo, ili aokewe mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani. Walinzi wanaudharau mkate wenyewe kwa unyonge wake, na shujaa anakata minyororo akaishia mwituni, mtu mkubwa asiye na nyumba. Na katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir yale majumba ya fahari ya Pate yamebaki makao ya popo na ndege. Pwani iliomboleza nyumba zilizokosa watu zamani kabla ya miji yetu kuanza kuomboleza watu waliokosa nyumba, na mshairi wa Pate angaliketi leo na mwimbaji wa Kamwokya wangalifahamiana haraka.

Ustadi ninaoupenda kuliko wote, hata hivyo, ni ule wa kuchagua kitu kimoja kidogo kinachoshikika. Kundi la Staff Benda Bilili la Kinshasa, ambalo wengi wa wanamuziki wake walilemazwa na ugonjwa wa polio na wakaishi mitaani, lilirekodi nyimbo zake katika bustani ya wanyama ya jiji hilo, na katika albamu yao ya mwaka 2009 umo wimbo "Tonkara", unaohusu maboksi ya kulalia. Badala ya kuutaja ufukara kwa jina lake kubwa, mtungaji ameliweka mbele yetu boksi, kisha godoro, na umbali uliopo kati ya vitu hivyo viwili msikilizaji anaupima kwa mgongo wake mwenyewe. Linganisha na wimbo wa Phil Collins, "Another Day in Paradise", uliovuma dunia nzima mwaka 1989, ambao kisa chake ni cha mwanamume anayejipitia njiani huku mwanamke asiye na makao akimwita. Huo ni wimbo wa dhamiri ya mpita njia, na si haba, maana wapita njia ndio wengi. Ila mwanamke yule hana analolitenda ndani yake isipokuwa kumfanya mwingine aone haya. Joseph Shabalala wa Ladysmith Black Mambazo alilitambua jambo hilo mapema zaidi, kwani katika "Homeless", wimbo aliotunga pamoja na Paul Simon ukatolewa mwaka 1986, upweke wenyewe unaimbwa na kundi zima la wanaume, kwa Kizulu na kwa Kiingereza, na asiye na makao hasimami peke yake.

Wako wanaosema kwamba "Sitya Loss" ya Eddy Kenzo, ya mwaka 2014, ni wimbo wa kuchezea tu. Siafikiani nao. Kenzo ameeleza hadharani jinsi alivyofiwa na mama yake akali mtoto na jinsi alivyoishi miaka mingi mitaani, na katika video ya wimbo huo aliwaweka mbele watoto wa Ghetto Kids wacheze. Aliyelala nje si lazima aimbe baridi maisha yake yote. Anayo haki ya kuringa, na mtungaji aliyempa haki hiyo amefanya kazi nzito kuliko aliyemliza.

Sheria, kwa upande wake, iliwatazama wasio na maskani kwa jicho la shaka muda mrefu. Makosa ya uzururaji tuliyoyarithi kwa Waingereza, ambao sheria yao mashuhuri ya jambo hilo ni ya mwaka 1824, yalimwezesha askari kumkamata mtu kwa hali yake kuliko kwa tendo lake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa rai mwezi wa Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zapingana na Mkataba wa Afrika, na Mahakama ya Katiba ya Uganda ikabatilisha sehemu ya vifungu vyetu mwezi wa Desemba 2022. Nazishukuru hukumu hizo kwa moyo wote. Hata hivyo, baraza la jiji lilikuwa limekwisha pitisha mwaka 2019 sheria ndogo ya kukataza kuwapa fedha watoto wa mitaani, ambao wengi wao hutoka wilaya ya Napak huko Karamoja, na hapa watungaji wetu wanadaiwa: nyimbo za Kampala zinazovuma ni za Kiluganda, na mtoto anayenyoosha mkono kwenye njia panda ana lugha nyingine ya mama yake, ambayo ingestahili kuingia studio nayo ikaimba habari zake yenyewe.

Wahariri wanaweza kuzipa nyimbo hizi safu ya uhakiki, na walimu, kwa kuwa Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima, wanaweza kuzifasiri darasani. Ombi langu kubwa nalielekeza kwa watangazaji wa redio. Kadongo kamu, ile fani ya gitaa moja na kisa kirefu iliyokuzwa na kina Fred Masagazi, Christopher Ssebadduka, Herman Basudde na Paulo Kafeero, humleta mhusika polepole, humpa jina, ukoo na kijiji alikotoka, na ndipo humfikisha mjini. Mara nyingi nimesikia wimbo wa namna hiyo ukikatwa katikati ili matangazo yapite, msikilizaji asijue mtu yule aliishia wapi. Uachwe ufike mwisho, kisha mtungaji wake atajwe kwa jina.