Ruta yangu, LUKU yenu!

Wewe unayesomea gazeti begani kwa mwenzio ndani ya daladala, poa tu, soma. Leo naongelea kitu kidogo kilichotaka kunihamisha nyumba: ruta, kile kidude cha wai-fai kinachopepesa vitaa usiku kucha kama disko lisilo na muziki.

Mnaoishi kwa wazazi hamwezi kujua. Sisi wa nyumba za kupanga, vyumba sita LUKU moja, tunaujua moto wake. Yuniti zikiisha Jumapili usiku anatafutwa mchawi, na mchawi huwa ni yule mwenye kitu kisichozimwa. Mwezi uliopita mchawi nikawa mimi. Kikao kikaitishwa uani, mama mwenye nyumba kwenye mkeka wake, hukumu ikasomwa: niongeze shilingi 10,000 kila mwezi au ruta ing'oke. Na hapo ujue nusu ya hao waliokuwa wanatikisa vichwa, nywila ya hiyo wai-fai wanayo!

Nikasema, "Mama, hela natoa, ila naomba tupime kwanza."

Kupima kwenyewe hakuhitaji fundi. Mita nyingi za LUKU zina kataa kekundu kanakopepesa, na pembeni pameandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake kakipepesa mara 1,000, yuniti moja imekwenda. Sasa zima kila kitu nyumba nzima, acha ruta peke yake, hesabu kwa saa moja. Idadi utakayopata ndiyo wati za ruta yako. Kama mita yako imeandikwa namba nyingine hesabu inabadilika, na kama iko juu ya nguzo, sahau bwana, utavunjika shingo bure. Kazi ngumu ni kuwashawishi watu wa vyumba sita wazime friji, feni na tamthilia kwa saa nzima. Ilinigharimu soda sita.

Kataa kakapepesa mara 8. Wati 8 basi!

Mshikaji wa chumba cha pili, aliyesoma fizikia ya kidato cha nne kama mimi, akang'ang'ania adapta. Imeandikwa volti 12, ampea 1.5, zidisha unapata wati 18. Kweli, lakini hicho ni kiwango cha juu ambacho adapta inaweza kutoa, sio kile ambacho ruta inakula. Ndoo ya lita 20 haina maana kwamba unaoga lita 20.

Wati 8 kwa masaa 24 ni karibu robo... hapana, ni pungufu ya robo ya yuniti, 0.192. Kwa mwezi yuniti 5.76. Kwa bei ya kawaida ya majumbani iliyopangwa mwaka 2016, shilingi 292 kwa yuniti, hiyo ni kama 1,680 kabla ya kodi na makato. Pasi ya wati 1,000 inamaliza chakula cha ruta cha siku nzima kwa dakika 12 hivi. Simtaji mtu, ila humu ndani kuna dada anapiga pasi mpaka foronya.

Mama akacheka, tukakubaliana 2,000. Kasheshe ikaisha pale pale.

Ila nami nikapata hamu ya kuibana. Fundi wa kona akaniazima kimita cha kuchomeka kwenye soketi, nikaanza kuzima kimoja kimoja. Ruta za siku hizi nyingi zina redio mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Simu za kwetu zote zinashika ile ya kwanza vizuri tu, na ndiyo inayopenya kuta za matofali. Nikaingia kwenye mipangilio, nikazima ya 5: wati zikashuka hadi 6.5. Nikazima wai-fai yote: zikabaki kama 5. Kwa hiyo anayebonyeza kitufe cha wai-fai usiku akidhani kalaza kidude, kidude hakijalala, kimefumba macho tu. Dawa ni kuchomoa. Mimi nimenunua soketi yenye saa, inakata saa 6 usiku na kurudisha saa 12 asubuhi, ila usiku ambao ruta inajisasisha programu yake niache iwake, ikikatwa katikati inaweza kufa kabisa. Vile vitaa? Achana navyo, vinakula punje.

Sasa hivi niko kwenye yuniti 3.5 kwa mwezi. Wenye boksi la faiba na ruta pembeni yake waangalie kwanza: kama boksi lenyewe linatoa wai-fai, cha pili cha nini?

Najua utaniuliza, shilingi mia sita na ushee ndiyo ya kusumbukia hivyo? Subiri umeme ukatike. Pawabenki ya mAh 10,000 ina kama wati-saa 37, toa zinazopotea njiani zinabaki 30 hivi. Kwa wati 8 haifikishi masaa manne. Kwa 6.5 inakwenda manne na nusu, yaani mechi yote, dakika za nyongeza na matusi ya baada ya mechi. Utahitaji ule waya unaopandisha volti, na usome chini ya ruta kwanza: kuna za volti 12, kuna za 9, kuna za 5. Ukichomeka waya wa 12 kwenye ruta ya 5, utanusa moshi.

Wiki ijayo tunaingia jikoni, kuna jagi la umeme linanitazama vibaya.