Trinidad na Tobago: Wasio na Kazi Wamepungua, na Wafanyakazi Pia Wamepungua



Leo tunawachukua wasomaji wetu mbali kidogo, hadi visiwa vya Trinidad na Tobago, kusini kabisa mwa Bahari ya Karibi, jirani na pwani ya Venezuela. Ni nchi ya watu wapatao milioni 1.4. Waislamu huko ni kiasi ya mmoja katika kila watu ishirini, lakini Idi el-Fitri ni siku ya mapumziko ya taifa. Wengi wao ni vizazi vya Wahindi waliopelekwa kwa mkataba kulima miwa, tangu meli ya kwanza ilipotia nanga mwaka 1845. Lililotufanya tuitazame nchi hii ni hesabu yake ya kazi. Ukiisoma mbio mbio utafurahi, ukiisoma kwa kituo utaanza kuuliza maswali.

Katika miaka ya 1980, bei ya mafuta ilipoanguka, wasio na kazi huko walipindukia asilimia 20. Miaka ya karibuni wamekuwa kiasi ya asilimia 4 hadi 5. Serikali gani isiyotamani hesabu kama hiyo? Lakini ipo hesabu ya pili, nayo haitangazwi kwa sauti kubwa: katika watu wote wa kuanzia miaka 15, ni wangapi wanaofanya kazi au kuitafuta? Mwaka 2008 walikuwa zaidi ya asilimia 63. Mwaka 2014 walikuwa karibu 62. Sasa wanazunguka 55. Watu wa umri huo ni zaidi kidogo ya milioni moja, kwa hiyo kila asilimia moja inayopungua ni watu zaidi ya elfu kumi.

Wanatakwimu huwagawa watu mafungu matatu: mwenye kazi, asiye nayo lakini anaitafuta, na asiye nayo wala haitafuti. Mafungu mawili ya mwanzo ndiyo nguvukazi. La tatu liko nje, na humo yumo mwanafunzi, mstaafu, mgonjwa, mama anayelea, na pia mtu mwenye afya yake aliyebisha milango mpaka akachoka.

Tupige mfano wa mtaa wenye watu wazima 100. Hamsini na nne wana kazi, sita wanatafuta. Nguvukazi ni 60, na wasio na kazi ni asilimia 10. Baada ya mwaka, wanne katika wale sita wamekata tamaa, wamekaa barazani. Nguvukazi sasa ni 56, wanaotafuta ni wawili tu, na ukosefu wa kazi umeshuka chini ya asilimia 4. Hakuna hata mmoja aliyeajiriwa. Hesabu ni sahihi na aliyeitangaza hakusema uongo, ila kilichohesabiwa ni kidogo kuliko tunachodhani.

Basi Watrinidad hawa wamekwenda wapi? Wapo waliozeeka, maana uzazi umepungua na wenye miaka 60 na zaidi wanaongezeka. Wapo vijana walio masomoni. Tangu 2004 Serikali imekuwa ikisaidia ada za chuo kwa mpango uitwao GATE, ingawa baadaye masharti yalikazwa. Kwa haya hatuoni ubaya.

Ubaya tunauona kwingine. Mwaka 2003 kampuni ya sukari ya Serikali, Caroni, ilifungwa na wafanyakazi kiasi ya 9,000 wakaachishwa. Wengi wao ni wale wale wajukuu wa waliokuja kwa mkataba. Waliahidiwa eka mbili mbili za kulima, na wengine walisubiri miaka mingi bila kuziona. Mwaka 2016 kikafungwa kiwanda cha chuma cha Point Lisas. Mwaka 2018 ikafika zamu ya Petrotrin na mtambo wake wa kusafishia mafuta wa Pointe-à-Pierre, uliofanya kazi kwa karne nzima. Zaidi ya watu 4,000 walirudi majumbani, na hapo hatujamtaja mama ntilie wa getini, dereva wa teksi na fundi wa kuchomelea.

Mtu wa miaka 50 aliyetumia ujana wake kuendesha mtambo ule hageuki muuza simu kesho yake. Hupokea kiinua mgongo, hutafuta kidogo, kisha huacha. Siku anapoacha ndiyo siku anayotoka katika hesabu ya wasio na kazi.

Na mafuta na gesi, mali inayoleta sehemu kubwa ya fedha za kigeni za nchi ile, huajiri watu wachache sana. Hili tunalisema kwa sauti kidogo kwa ajili ya sisi wa Unguja na Pemba, ambao mazungumzo ya gesi ya baharini hayatutoki mdomoni.

Kwa wanawake jambo ni zito zaidi. Chuoni wasichana ni wengi kuliko wavulana, kwa mbali. Lakini katika nguvukazi wanawake walioko ni chini ya nusu, wakati wanaume ni karibu wawili katika kila watatu. Tusikimbilie kusema kwamba wote wamependa kukaa na watoto wao. Aliyependa ana kheri yake. Wapo wanaokaa kwa sababu mama mzee hana wa kumuuguza, na mshahara wa dukani haufikii kumlipa mtu wa kumwangalia.

Huko kwenyewe lawama nyingi zimeangukia miradi ya Serikali ya kazi fupi, URP na CEPEP, kwamba imewazoesha watu kufyeka barabara nusu siku na kuyakimbia mashamba. Lawama hiyo ina ukweli wake, ila kwetu sisi inawapa uvivu watu ambao kazi zao zilifungwa mbele ya macho yao.

Katikati ya mwaka 2025 Serikali mpya ilivunja mikataba ya CEPEP na maelfu wakapoteza kazi. Matokeo ya uchunguzi wa nguvukazi yakitoka, tutakaloanza kulitazama ni kama watu hawa wameandikwa kuwa wanatafuta kazi, au wameingia kimya kimya katika fungu la tatu.