Risiti zinafutika, sheria haifutiki

Wadau, juzi nilikaa na mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Majengo, hapa Dodoma. Akanifungulia boksi la viatu anamotunza risiti za mzigo. Nusu yake nyeupe pe! Karatasi za mashine ya EFD hazitumii wino. Maandishi yanatokezwa na joto, na joto hilo hilo linayaharibu. Jua la Dodoma mnalijua.

Sasa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka atunze kumbukumbu kwa miaka isiyopungua 5. Akikadiriwa kodi na akapinga, kuthibitisha ni juu yake. Kwa karatasi ipi? Hata namba ya kuhakiki risiti kwenye tovuti ya TRA imechapwa humo humo.

Mimi simlaumu. Tangu mashine hizi zianze mwaka 2010 tunahimizwa kudai risiti, sawa kabisa, lakini nani kahimizwa kuitoa kopi siku ile ile, au kuipiga picha kwa simu?

Tulianza na za mwezi huu, moja moja. Za mwaka juzi kaziweka pembeni, eti huenda mwanawe mwenye macho mazuri atazisoma.