Jino limejificha, sistimu imelala, bima imenyamaza

"Sistimu iko chini, mzazi. Ngojeni kidogo."

Hayo ndiyo maneno tuliyopokewa nayo, mimi na binti yangu, Jumamosi moja asubuhi katika kliniki ya meno hapa Nairobi. Ilikuwa saa tatu kasorobo. Tulikuwa tumeondoka nyumbani saa kumi na mbili unusu, tukapanda matatu mbili, na mtoto hakuwa amekunywa hata chai kwa kuwa alitaka kumwona daktari meno yakiwa safi. Saa sita unusu ilitukuta tungali tumeketi palepale, chini ya televisheni iliyokuwa ikitangaza jinsi mitambo ya kisasa inavyonyoosha meno.

Mpenzi msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya jino moja tu. Jino hilo lilinifunza mengi kuhusu kadi ya bima ninayotembea nayo mfukoni, na yamkini wewe pia unayo kama hiyo.

Binti yangu ana umri wa miaka 13. Upande wa kushoto wa taya la juu bado alikuwa na jino la chonge la utotoni, dogo na lililochakaa, ilhali lile la upande wa kulia lilikuwa limekwisha kubadilika. Sisi wazazi tulidhani ni baraka, kwamba mtoto ana meno magumu. Mama yake alipompeleka kuzibwa gego lililotoboka, daktari alilitazama lile jino dogo, akapapasa ufizi kwa kidole, kisha akasema, "Huyu apigwe picha."

Picha ilipotoka ikaonyesha kwamba chonge la kudumu lilikuwepo, ila limelala kimshazari ndani ya mfupa wa kaakaa, na ncha yake imeuelekea mzizi wa jino jirani la mbele. Daktari alitueleza kwamba chonge za juu kwa kawaida hutokeza mtoto akiwa kati ya miaka 11 na 13. Ukiondoa magego ya mwisho, yale ya ukubwani, hakuna jino linalokwama ndani ya ufizi mara nyingi kama hilo. Humpata mtu mmoja hadi watatu katika kila mia. Likiachwa, laweza kuula mzizi wa jirani yake kimyakimya, bila maumivu yoyote, mpaka jino la mbele lililokuwa zima lianze kulegea.

Dawa yake ni kupasua ufizi, kulifichua jino, kulibandika kijifungo chenye mnyororo mwembamba, kisha kulifunga kwenye nyaya za kupanga meno, zile ambazo watoto wetu huziita bresi, ili livutwe taratibu mpaka mahali pake. Jino halivutwi kama msumari kwenye ubao. Upande unaobanwa mfupa huyeyuka, na upande wa nyuma mfupa mpya hujijenga. Mwendo wake ni kama milimita moja kwa mwezi. Ukivuta kwa nguvu ili umalize upesi, unaharibu mizizi.

Basi tukatumwa kwa daktari wa kupanga meno. Kliniki yenyewe ilinistaajabisha. Zamani mtoto alijazwa ule unga uliokorogwa kama uji mzito mdomoni ili kuchukua umbo la meno, akawa anakaribia kutapika. Hapa walipitisha kamera ndogo kama kalamu, na papo hapo meno ya binti yangu yakajitokeza kwenye kioo cha kompyuta, yakizungushwa huku na huku. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuanze safari hiyo.

Utaalamu huu haukuanza jana. Mwaka 1955 Mmarekani Michael Buonocore alionyesha kwamba ukilipaka jino asidi kidogo, gundi hushika barabara. Hilo ndilo lililofungua njia ya kubandika vyuma vidogo juu ya meno, badala ya kulivisha kila jino pete nzima ya chuma. Nao ule waya wa nikeli na titani, ambao hukunjwa kisha ukarudia umbo lake, ulitoka katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, ukaanza kutumiwa na madaktari wa meno miaka ya 1970. Mambo haya yamejaribiwa kwa miaka mingi na yanafanya kazi.

Kilichotuangusha ni mitambo ya malipo.

Kwanza ilikuwa ni alama ya kidole. Bila mtoto kuweka kidole kwenye kile kijisanduku, bima haiwezi kujua kwamba amefika. Kilikataa mara tano. Karani wa mapokezi akamwambia akaoshe mikono, akaosha. Kikakataa. Mwishowe mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri na mjukuu wake akasema, "Mwanangu, kipulizie pumzi hicho kidole." Akapuliza, nacho kijisanduku kikakubali. Tukashangilia kama waliofunga bao. Dakika chache baadaye sistimu yenyewe ikalala, na ndipo tukakaa mpaka saa sita unusu.

Pili ilikuwa ni idhini. Kliniki ilituma maombi kwa kampuni ya bima, na baada ya siku nne jibu likaja kwa sentensi moja: matibabu ya kupanga meno ni ya urembo, hayalipiwi.

Urembo! Nilimpigia mama yangu kule nyumbani nikamweleza. Alicheka kwanza. "Sisi msichana akiwa na mwanya aliimbiwa nyimbo," akasema. "Nyinyi mnauza ng'ombe ili meno yapangwe kama mahindi?" Nilipomfafanulia kwamba jino limo ndani ya mfupa na linatishia jingine, akanyamaza kidogo. "Hilo si urembo, mwanangu. Hilo ni ugonjwa. Huyo aliyeandika urembo ameliona?"

Swali la mama lilikuwa ndilo lenyewe. Hakuwa ameliona. Ili kuonyesha mahali hasa lilipolala, daktari alikuwa ametutuma kupiga picha ya pande tatu, nami nikatoa shilingi 9,000 mfukoni mwangu. Picha za namna hiyo huhifadhiwa kwa mfumo uitwao DICOM, uliosambaa hospitalini tangu mwaka 1993, na zahitaji programu yake maalum ndipo zifunguke. Kliniki iliituma ikakataliwa kwa kuwa ni nzito mno kwa baruapepe. Wakaitia kwenye sidii. Nikaipeleka mwenyewe hadi ofisi za bima, ghorofa ya saba, na lifti haifanyi kazi. Karani akaingiza sidii kwenye kompyuta, akabonyeza mara mbili tatu, akanitazama kwa huruma. "Haifunguki, mzee."

Wiki zilikwenda. Kila nilipopiga simu niliambiwa maombi "yanashughulikiwa". Kliniki nayo ikiulizwa, inasema inangoja bima. Usiku nilimwona binti yangu mbele ya kioo akilisukuma kwa ulimi lile jino la mbele, akipima kama limeanza kulegea. Hakusema neno, nami sikuwa na la kumwambia.

Katika wiki ya saba mama watoto alichoka. Alikwenda kliniki akaomba kumwona daktari mwenyewe, si karani. Akamuuliza, "Daktari, wewe umeandika nini kwenye hiyo fomu?" Ikagunduliwa kwamba fomu ya kompyuta ilikuwa na nafasi moja tu ya kuchagua aina ya matibabu, na karani alikuwa amechagua "kupanga meno" kwa sababu ndiyo kazi ya kliniki hiyo. Upasuaji wa kufichua jino haukutajwa popote. Sistimu iliposoma neno hilo ikatupa jibu lake la kila siku.

Daktari akachukua karatasi akaandika barua ya kurasa mbili. Akaeleza jino lilipo, hatari inayolikabili jino jirani, na akatenganisha kazi mbili: upasuaji peke yake, na nyaya peke yake. Akabandika picha mbili za kawaida zilizochapishwa kwenye karatasi, zenye mshale mwekundu. Kisha akampigia simu daktari mshauri wa bima, wakazungumza kwa dakika kumi. Siku mbili baadaye idhini ya upasuaji, shilingi 38,000, ikapatikana. Mitambo yote ile, na aliyetuokoa ni kalamu na simu!

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sanduku la alama za vidole halikuletwa ili kututesa. Lililetwa kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tukiazimana kadi, shangazi akitibiwa kwa jina la mpwa wake, na gharama hizo zikarudi kwetu sote. Karani wa mapokezi naye hushinda kutwa akitukanwa kwa makosa ya kompyuta asiyoitengeneza. Hata mfuko wa umma haukukosa shida hizi: SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024, malalamiko ya sistimu yalijaa katika hospitali nyingi kwa majuma kadhaa.

Hata hivyo, neno "urembo" halifai kuachiwa kompyuta. Huko Uingereza kuna kipimo kilichobuniwa mwaka 1989, kinachoyaweka meno katika madaraja matano. Daraja la kwanza halihitaji matibabu. La tano ndilo lenye haja kubwa kabisa, na jino lililozuiwa kutokeza limo humo. Mtoto wa chini ya miaka 18 akiwa katika daraja la nne au la tano, serikali humlipia. Kule daktari hupima kwanza, kisha ndipo anaamua kama ni urembo au ni afya. Kwetu sera nyingi za bima huweka kila waya katika kapu moja, na mzazi asiyejua kuuliza hurudi nyumbani ameinama.

Nyaya zenyewe bima ilikataa, na nikisoma sera yangu upya, ukurasa wa 14, naona ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo. Sikuwahi kuusoma ukurasa huo kwa miaka sita. Tulikubaliana na kliniki shilingi 160,000 kwa muda wa miezi 24: tukatanguliza 40,000, na zilizobaki tunalipa 5,000 kila mwezi. Mbuzi wawili wa mama yangu wamo katika hizo 40,000, ingawa alikataa kutajwa.

Basi mzazi mwenzangu, kabla hujafika kwenye dirisha la mapokezi, zingatia haya.

Mtoto akifika miaka 10, mwombe daktari wa meno apapase ufizi juu ya chonge za utotoni. Uvimbe mgumu ukikosekana, au upande mmoja ukitofautiana na mwingine, afuatiliwe. Mara nyingine kung'oa jino la utotoni mapema hutosha kulifanya lile la kudumu lijitafutie njia, na gharama zote hizi zikaepukwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Soma sera yako ya bima, hasa orodha ya yasiyolipiwa. Uliza kikomo cha meno ni shilingi ngapi kwa mwaka, na kama ni cha mtu mmoja au cha familia nzima. Chetu ni shilingi 40,000 kwa sote watano, kwa hivyo baada ya upasuaji hatukuwa na nafasi ya kuugua jino tena mwaka huo.

Hakikisha maombi yanatenganisha kila kazi, na yanaeleza hatari iliyopo endapo mtoto hatatibiwa. Omba nakala. Bima ikikataa, dai sababu kwa maandishi, kisha omba maombi yatazamwe upya na daktari. Usiporidhika, Mamlaka ya Kudhibiti Bima hupokea malalamiko ya wananchi.

Na usikubali nyaya zifungwe kabla ya kujua utazilipiaje mpaka mwisho. Waya uliofungwa huendelea kuvuta hata kama pesa zimekwisha, na jino lisilosimamiwa laweza kwenda kusikotakiwa. Kumbuka pia kwamba nyaya zikitolewa, mtoto atavaa kishikizo ili meno yasirudi yalikotoka. Uliza bei yake mapema.

Binti yangu alipasuliwa mwezi wa Mei. Kila mwezi tulirudi kliniki, kijimnyororo kikapunguzwa pete moja. Siku moja ya Novemba aliingia jikoni mbio, akapanua mdomo mbele ya mama yake. Katikati ya ufizi palikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya mchele.

Picha mpya inaonyesha kwamba mzizi wa jino jirani umeliwa kidogo tu kwenye ncha, na daktari anasema hautaendelea. Nilimuuliza kama ungeponea mzima lau tungeanza wiki saba mapema. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mzazi, hilo hakuna picha inayoweza kukujibu."