Macho ya Watoto Wetu: Miwani Leo, Leza Baadaye



Juma hili tunajibu swali linalorudi mara nyingi katika mikutano yetu: mtoto asiyeona mbali anaweza kufanyiwa opereshoni ya leza ili asivae miwani, au lineti kama tunavyozoea kusema? Jibu letu ni fupi: mtu mzima anaweza, mtoto bado.

Ugonjwa huu unaitwa miyopi. Jicho linarefuka kupita kiasi, na picha ya kitu cha mbali haifiki vizuri nyuma ya jicho. Mtoto anasoma kitabu bila shida, lakini ubao ni ukungu tu. Miyopi inaongezeka katika dunia nzima: mwaka 2016 watafiti walikadiria kwamba ifikapo 2050 karibu nusu ya watu wote watakuwa nayo. Wengine wanairithi kwa wazazi. Wengine wanaipata kwa sababu wanashinda ndani, macho yakiwa karibu na daftari au simu.

Opereshoni ya leza inapunguza na kunyoosha kioo cha mbele cha jicho ili picha ifike mahali pake. Inasaidia watu wengi. Lakini jicho la mtoto lingali linakua. Ukilikata leo, kesho litarefuka tena. Ndiyo maana waganga wa macho wanangoja mtu afike angalau miaka 18, na namba ya miwani yake iwe haibadiliki tena. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha naye anaambiwa angoje, kwa kuwa wakati huo macho yanaweza kubadilika.

Tena, leza haifupishi jicho. Mwenye miyopi kali, hata akiisha kupasuliwa, aendelee kupimwa, maana sehemu ya nyuma ya jicho inaweza kubanduka. Akiona ghafla vimulimuli, madoa meusi mengi au kama pazia mbele ya jicho, aende hospitali siku ileile. Na akipita miaka 40, atahitaji pengine miwani ya kusomea kama wenzake.

Basi tufanye nini kwa watoto wetu?

Kwanza, tuwachunguze. Mtoto anafinya macho? Anasogelea ubao? Ananakili daftari la jirani yake? Msimamishe mlangoni, funika jicho moja, muulize anaona nini ng'ambo ya barabara. Kisha jicho lingine. Akishindwa, mpeleke apimwe.

Pili, tusiogope miwani. Miwani haiharibu macho. Wako wasichana wanaokatazwa kuivaa eti hawatapata bwana, na huku wanafeli masomo na kuitwa wavivu. Msichana asiyeona ubao ataacha shule mapema, na hiyo ndiyo hasara inayodumu. Bei ikiwa kubwa, kikundi kinaweza kuchanga kidogo kidogo kama tunavyochangia matanga na arusi.

Tatu, tuwatoe nje. Huko Guangzhou, Uchina, wanafunzi wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, watoto 30 hivi kwa 100 walikuwa wamepata miyopi. Katika shule zisizoongeza, walikuwa karibu 40. Mwanga wa mchana haulipiwi. Mtoto acheze uani, hata kivulini, bila kutazama jua lenyewe. Na wasichana nao wapewe saa ya kucheza. Wasifungiwe jikoni kutwa.

Mwisho, tusitie jichoni maji ya majani wala dawa ya sokoni. Hakuna tone linalofupisha jicho, na yako yanayopofusha.

Kabla ya mkutano ujao, kila mama awapime watoto wake pale mlangoni, atuletee majibu. Tutapanga pamoja nani aende kwa muganga wa macho kwanza.