Mtihani Haungojewi kwa Uvumi



Kila mavuno yanapokwisha katika bonde la Kilombero, hutujia hapa madrasani Michenga vijana wenye swali moja. Wamemaliza kidato cha sita, alama zao hazikutosha kuingia chuo kikuu, na mzazi amekwisha kutenga magunia kadhaa ya mpunga ili mtoto arudie mtihani. Je, ajisajili sasa, au angoje mpaka mabadiliko yatulie? Swali hili limezidi tangu Januari 2024, mitaala mipya ilipoanza kutumika kwa awamu chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Mmoja humwambia kijana, "Wahi, mlango wa zamani unafungwa." Mwingine humwambia, "Subiri, mtihani mpya utakuwa mwepesi." Na wote wawili hawana ushahidi.

Rai yetu ni hii: aliyejiandaa na aingie katika mtihani ulio karibu, na asiyejiandaa aahirishe. Ama kuwahi au kuchelewa kwa kubashiri mabadiliko, hilo halina msingi.

Dalili yetu ni yale yaliyokwisha kutokea nchini. Kwa mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2014 Baraza la Mitihani lilitoa matokeo kwa wastani wa pointi, ule mfumo uliojulikana kwa jina la GPA, badala ya madaraja yaliyozoeleka. Januari 2016 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akaagiza madaraja yarejeshwe. Hivyo watahiniwa wa kidato cha nne walioingia chumba cha mtihani Novemba 2015 chini ya mfumo mmoja, walipokea matokeo yao Februari 2016 chini ya mfumo mwingine. Ni nani katika wao angeweza kupanga mwaka wake kwa kubashiri?

Kisha tutazame mlango wa chuo kikuu wenyewe. Tume ya Vyuo Vikuu ilimtaka mwombaji awe amefaulu masomo mawili makuu kwa jumla ya pointi 4. Kwa waliomaliza kidato cha sita mwaka 2014 na 2015, C ilihesabiwa pointi 2. Kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016, pointi 2 ni za D. Asikiaye haraka atasema, "Heri waliongoja, kwani D mbili ziliwatosha." Lakini C ya mwaka 2015 ilianzia alama 40, na D ya mwaka 2016 ilianzia alama 50. Herufi ilishuka, kizingiti kikapanda. Aliyengoja wepesi alikuta pointi zile zile mbili zimepanda kwa alama kumi.

Hatusemi kwamba kungoja ni kosa siku zote. Mtaala ukibadilika, maswali yaweza kutoka katika mada ambazo kijana hakuzisoma kamwe. Kwa hiyo tunanasihi mambo matatu.

Kwanza, kabla ya kulipa ada, itafutwe fomati ya Baraza la Mitihani ya mwaka atakaofanya mtihani, iwekwe kando ya madaftari yake, na mada zilinganishwe moja baada ya moja. Zikikubaliana, hana sababu ya kungoja. Zikitofautiana sana, mwaka wa kusoma upya si mwaka uliopotea.

Pili, ajipime kwa mitihani iliyopita, kwa saa, bila ya kufungua daftari. Matokeo hayo ya nyumbani ni ushahidi bora kuliko maneno ya kijiweni.

Tatu, familia ikae shura juu ya shamba. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani, na anayechelewa hutozwa faini. Mtihani wenyewe huwa Mei, wakati mpunga unapoiva na kijana hushinda dunguni akiamia ndege tangu alfajiri. Kumlipia ada kisha kumwacha dunguni ni kupoteza magunia na mtoto pamoja. Iamuliwe mapema nani atashika zamu yake.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Sisi tuliosomea kwa Kiarabu hatukupita njia hii ya kidato cha sita, lakini tulikuwa wepesi wa kuitolea fatwa. Kijana mmoja wa darasa letu la jioni alitushauri, nasi tukamwambia, "Subiri, kungoja kuna heri," bila ya kuitazama fomati hata mara moja. Alisubiri miaka miwili. Leo anaendesha bodaboda Ifakara, na kila tukipanda pikipiki yake hutusalimu kwa adabu ile ile, nasi hatujui pa kuweka uso. Kazi yake ni halali na hatuidharau. Bali tulilopaswa kumpa ni jibu la anayejua, au kumpeleka kwa anayejua.

Wapo wanaosema kwamba wameswali istikhara, inatosha. Istikhara ni ya aliyekwisha kuuliza, akalinganisha, akaazimia. Haiondoi wajibu wa kutafuta habari, kama tawakkul isivyoondoa wajibu wa kumfunga ngamia.

Basi, enyi wazazi na walimu wenzetu, kijana akija na swali hili, tusimjibu kabla ya kumwomba alete madaftari yake.

Wabillahi tawfiq.